pH ya maji kwenye kilimo bila udongo nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninalima juu ya paa, Dar es Salaam. Nina mabomba ya PVC ya inchi 4 yenye saladi, nanaa na mrihani, na ndoo kumi na mbili za nyanya na pilipili hoho. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na majirani, ndugu na watu wanaoanza. Mengi huja na sentensi moja: "Mbolea nimeweka, mbona majani yanageuka manjano?" Mara nyingi jibu haliko kwenye mbolea. Liko kwenye maji yenyewe, kabla hujatia kitu chochote.

pH ni nini, na mmea unaijali kwa sababu gani?

Ni kipimo cha uchachu. Katikati kuna 7. Ukishuka chini ya hapo maji yanazidi kuwa na asidi, ukipanda juu yanazidi kuwa na alkali. Maji ya ndimu yako karibu na 2, na maji yenye magadi soda yako zaidi kidogo ya 8. Kipimo hiki kililetwa mwaka 1909 na mkemia Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Carlsberg, watengeneza bia wa Copenhagen.

Kitu ambacho wengi hawakishiki ni ukubwa wa hatua. Maji yakitoka 6 kwenda 7, uchachu umepungua mara kumi. Yakitoka 6 kwenda 8, umepungua mara mia. Kwa hiyo mtu anayesema "yangu ni 7.8, si mbali na 6" yuko mbali sana.

Mizizi hula kile kilichoyeyuka tu. pH ikipanda kupita 7, chuma, manganisi na fosforasi huanza kuganda na kutua chini ya ndoo. Umevinunua, umevitia, vipo, ila mmea hauwezi kuvinywa. Ikishuka chini ya 5, mizizi yenyewe huanza kuumia, na kalsiamu na magnesiamu hunyweka kwa shida. Shambani, udongo na mboji hupunguza makali ya mabadiliko haya. Ndoo ya lita 20 haina mboji wala mfinyanzi, kwa hiyo kosa dogo la asubuhi linaonekana jioni.

Nilenge namba gani?

Kati ya 5.5 na 6.5. Saladi, mrihani, nanaa, nyanya, hoho, sukuma wiki na mchicha vyote vinaishi vizuri humo. Kuna majedwali yanayoupa kila mmea namba yake, lakini kwa mkulima wa nyumbani tofauti hizo ni ndogo kuliko makosa ya kipimo chake.

Na tafadhali usiikimbize namba moja. Watu wanaamka saa 12 asubuhi, wanakuta 6.1, wanatia asidi ifike 5.8, jioni wanakuta 6.0, wanatia tena. Hiyo ni kuongeza chumvi kwenye maji bila sababu. Iache itembee kutoka 5.6 hadi 6.4 kwa siku tatu nne, kisha uirudishe. Kutembea huko kunausaidia mmea, kwa kuwa vipo virutubisho vinavyonyweka vizuri zaidi chini kidogo na vingine juu kidogo.

Majani machanga ya juu yanageuka manjano lakini mishipa inabaki kijani. Niongeze mbolea?

Usiongeze. Pima pH kwanza.

Hiyo ni alama ya kukosa chuma. Chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, ndiyo maana majani machanga huumia kwanza. Kama umanjano umeanzia majani ya chini, yale makuukuu, shaka nitrojeni au magnesiamu, hivyo vinahama. Kujua jani lipi limeanza ni nusu ya uchunguzi.

Nililipia ada yangu hapo. Mwaka wa kwanza nilijaza vikombe vya saladi kwa kokoto nyeupe za bei nafuu. Kila asubuhi niliishusha pH hadi 5.8. Kesho yake nikakuta 7.4. Nikashusha, ikarudi. Majani ya katikati yakawa na rangi ya siagi, mishipa ya kijani imejichora juu yake kama ramani ya mito. Nikaamini mbolea ni haba, nikaongeza. Wiki ya tatu ncha za majani zikaungua kwa wingi wa chumvi, na umanjano uko palepale.

Siku moja nilitoa kokoto moja, nikaisuuza, nikaikausha kwa kitambaa na kuikamulia ndimu. Ikaanza kutoa povu jembamba, vijipovu vidogo vinavyopanda kwenye vitundu vya jiwe, na ukiinamisha sikio unasikia mchakacho mdogo. Lilikuwa jiwe la matumbawe. Sehemu kubwa ya pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar na Dar, imekaa juu ya jiwe hilo, na ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa chokaa. Kila nilipotia asidi, jiwe liliila. Nilikuwa nalilisha jiwe, saladi inakufa njaa.

Nilizitoa zote, nikaweka kokoto za kijivu za jiwe gumu, zile ambazo ndimu hutulia juu yake bila kutoa hata kipovu kimoja. Siku ya pili pH ilikuwa 6.0. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayakurudi kijani sawasawa, lakini yaliyochipua baada ya hapo yalikuja na rangi yake.

Kwa hiyo kabla ya kununua kokoto, nenda na nusu ndimu mfukoni. Jaribu mawe matano tofauti kutoka kwenye lundo, maana lundo moja linaweza kuchanganya.

Maji yangu yana pH ya 7.2 tu. Ya jirani ni 7.2 pia. Mbona mimi natumia asidi mara tatu yake?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, kwa sababu anayeliuliza yuko karibu sana na ukweli.

pH inakwambia maji yako wapi sasa. Haikwambii yatakataa kiasi gani ukijaribu kuyahamisha. Ukataaji huo unatokana hasa na bikaboneti, ambayo maji huichota yakipita kwenye miamba. Bikaboneti humeza asidi unayotia, kidogo kidogo, mpaka iishe. Maji ya kisima kwenye jiwe la matumbawe huwa nayo nyingi. Maji yanayotoka milimani na kukusanywa kwenye mabwawa, kama yale ya Ndakaini yanayokwenda Nairobi, huwa laini kwa kulinganisha. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa Nairobi unaweza kumpoteza mtu wa Kigamboni, na wote wawili wanasema kweli.

Pima maji yako mara moja kwa makini, na mambo mengi yatanyooka. Mimi nafanya hivi.

Natengeneza asidi nyepesi: mililita 50 za asidi ya fosforiki ya asilimia 85 ndani ya mililita 950 za maji. Asidi inaingia kwenye maji. Maji hayamwagwi kamwe juu ya asidi. Kisha naweka kwenye beseni lita 1 kamili ya maji yale yale ninayomwagilia, bila mbolea, na kuchukua bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano. Natia nusu mililita, nakoroga, nasubiri dakika moja, napima. Naendelea hivyo hadi nifike 5.8, na naandika nimetumia ngapi. Naliacha beseni wazi usiku kucha. Asubuhi napima tena, maana mara nyingi pH hupanda usiku. Naongeza mpaka itulie.

Ikiwa umetumia mililita 1 au chini, maji yako ni laini, shukuru. Ukifika 3, maji ni mazito. Yana bikaboneti ya kama miligramu 110 kwa lita zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Kwa ndoo ya lita 20 utahitaji mililita 60 za ile asidi nyepesi. Ukipita 5, usitafute asidi zaidi. Tafuta maji mengine ya kuchanganya.

Sababu ni hii: kila mililita 1 ya asidi hiyo nyepesi kwa lita moja inaongeza fosforasi kama miligramu 23. Saladi inataka kama 30 hadi 50 kwa jumla, na mbolea yako imeshaleta zake. Ukitia mililita 5 kwa lita, umeweka zaidi ya 110 kabla ya mbolea. pH itasoma vizuri, na bado chuma na zinki vitazongwa na fosforasi hiyo.

Nitumie nini kushusha pH?

Asidi ya fosforiki kwa maji laini na ya wastani. Ni rahisi kushughulikia kuliko nyingine kali, na ndiyo iliyomo kwenye chupa nyingi za kushushia pH zinazouzwa kwa wakulima. Kwa maji mazito, wakulima wakubwa hutumia asidi ya nitriki, kwa kuwa inaleta nitrojeni, ambayo mmea huimaliza. Ila nitriki inachoma na kutoa mvuke mbaya. Kwa mtu mwenye ndoo kumi na watoto nyumbani, siishauri. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa. Tanzania kemikali hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Siki, ndimu na ukwaju watu wanaviuliza kila wiki. Vinashusha, ndiyo. Lakini asidi zake ni chakula cha bakteria. Baada ya siku moja au mbili zimeliwa, pH imerudi juu, na ndani ya bomba umepata utelezi. Ndimu na ukwaju huleta na sukari na nyuzi, utelezi unaongezeka. Asidi ya sitriki ya unga ina kasoro hiyohiyo ya kuliwa, ingawa ni safi zaidi. Kwa dharura ya siku moja, sawa. Kwa msimu mzima, hapana.

Asidi ya betri naomba uiache kabisa. Ni asidi ya salfuriki, inatoboa nguo na ngozi, haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na ile iliyokwisha kuwa ndani ya betri imebeba madini ya risasi. Unalima mboga ambayo mwanao ataila mbichi.

Shabu nayo? Inashusha pH kweli, kwa sababu inakula bikaboneti wakati inatuliza matope. Lakini inaacha aluminiamu. Kama maji yako ya mto lazima uyatulize kwa shabu, yaache yatulie vizuri, uchote ya juu, halafu ndipo upime.

Na kupandisha?

Potasiamu haidroksaidi au potasiamu kaboneti (naziita potashi), kidogo sana, zikiwa zimeyeyushwa kwanza kwenye maji. Potasiamu mmea unaila, kwa hiyo haibaki kuwa takataka.

Magadi soda yanapandisha, lakini yanaleta sodiamu, ambayo mmea hauitaki na itajilimbikiza ndani ya ndoo wiki baada ya wiki. Magadi ya ziwani, yale ya kuchemshia maharage, ni mabaya zaidi kwa kazi hii. Mbali na sodiamu yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Jivu lina potasiamu ya kweli, ila nguvu yake inategemea mti gani umechomwa na umechomwa vipi, huwezi kuirudia kesho.

Kuna njia ambayo wenye maji mazito tunayo bila kununua: maji ya kisima yenyewe. pH ikishuka hadi 5.2, natia jagi la maji ghafi na bikaboneti yake inapandisha taratibu.

Karatasi za kupimia zinatosha, au lazima mita ya kidijitali?

Karatasi zenye masafa mapana, za 1 hadi 14, hazifai, kwa sababu rangi ya 5 na ya 6.5 hazitofautiani machoni pa mtu wa kawaida. Zile za masafa mafupi, au dawa ya matone inayogeuka kutoka manjano kwenda kijani, zinatosha kabisa kwa kuanzia. Hazihitaji betri wala matunzo.

Rozela je? Maji ya rozela huwa mekundu kwenye asidi na hugeuka zambarau hadi buluu au kijani kwenye alkali. Kabichi la zambarau vilevile. Ni jambo zuri la kuwaonyesha watoto, na linaweza kukuthibitishia kwamba maji yana alkali nyingi. Lakini kati ya 5.5 na 6.5, mahali unapohitaji jibu, rangi inasita. Usiilimie.

Mita ni nzuri ukiitunza. Isipotunzwa ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu inadanganya kwa namba yenye desimali mbili.

Mita yangu inasoma tofauti kila siku. Imeharibika?

Labda imekauka. Kichwa cha mita kina kibonge cha kioo chembamba ambacho lazima kikae na unyevu maisha yake yote. Tia matone ya maji ya kuhifadhia, yenye potasiamu kloraidi, ndani ya kifuniko. Usitumie maji yaliyokenekwa (distilled) ya chupa wala maji ya betri. Hayo safi sana huvuta chumvi kutoka ndani ya kichwa na kukimaliza.

Irekebishe kila wiki mbili, na kila mara unapopata jibu la kushangaza. Vifuko vya unga wa bafa (wa kutengeneza maji yenye pH inayojulikana) vinavyokuja na mita huwa vya 4.00 au 4.01 na 6.86 au 7.00, kimoja uyeyushe kwenye mililita 250 za maji yaliyokenekwa, kama kifuko kinavyoelekeza. Anza na ile ya katikati (6.86 au 7.00), kisha ya 4. Suuza kichwa kati ya moja na nyingine, ukigonge kidogo kuondoa tone, usikifute kwa nguvu. Usirudishe bafa iliyotumika kwenye chupa yake. Kichwa kikiwa na utando wa mbolea, kiloweke kwenye siki kwa dakika kumi na tano, ukisuuze, kisha kwenye maji ya kuhifadhia saa chache kabla ya kukirekebisha upya.

Ikishindwa kufika 4 hata baada ya hapo, kichwa kimeisha. Mita za bei ndogo hudumu mwaka mmoja au miwili hivi, na joto la paa halizisaidii. Yangu inakaa jikoni, kwenye kivuli.

Nitie nini kwanza: mbolea au asidi?

Mbolea kwanza, asidi mwisho. Mbolea yenyewe hushusha pH kidogo, kwa hiyo ukitangulia na asidi utazidisha. Isipokuwa maji yako ni mazito sana. Hapo naona ni bora kuvunja bikaboneti jana yake, kuacha maji usiku, kisha kutia mbolea asubuhi na kumalizia.

Mbolea ya A na B, ile inayouzwa kwa sehemu mbili, usizichanganye zikiwa nzito. A ina kalsiamu, B ina fosfeti na salfeti. Zikikutana kabla ya kuyeyushwa zinaganda na kuwa kama maziwa yaliyokatika, na hazirudi tena. Jaza maji, tia A, koroga vizuri, tia B, koroga, subiri nusu saa, ndipo upime.

Angalia pia karatasi ya mbolea imeandika chuma cha aina gani. EDTA, DTPA na EDDHA ni kemikali za kukishika chuma kisigande. Kilichoshikwa na EDTA huanza kuachiwa pH ikipita 6.5. Cha DTPA huvumilia hadi karibu 7.5. Cha EDDHA, kinachofanya maji yawe mekundu kama damu, huvumilia hata 9. Mtu wa pwani mwenye maji mazito akipata DTPA au EDDHA, amejinunulia nafasi ya kukosea.

Kwa nini pH inapanda kila siku hata bila mawe mabaya?

Kwa sababu mmea unakula. Mizizi ikinyonya nitrati, inaachia kitu chenye alkali kwenye maji. Saladi inayokua kwa kasi itakupandishia pH kila siku, na hiyo ni habari njema. Kupanda kwa 0.1 au 0.2 kwa siku ni mmea wenye afya. Kupanda kwa 1.0 usiku mmoja ni mawe, saruji, au bikaboneti ambayo hukuimaliza.

Saruji ndiyo wengi wanaisahau. Tangi jipya la saruji, au tofali ulilotumbukiza kuzuia bomba lisielee, linatoa chokaa kwa wiki nyingi.

Mwani nao hupandisha, mchana hasa, kwa sababu unakula kabonidioksaidi iliyoyeyuka. Ukipima saa 9 alasiri ukapata 6.9 na alfajiri ukapata 6.2, tazama kama ndoo inapitisha mwanga. Inyanyue juani uweke mkono nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole, ipake rangi nyeusi, kisha nyeupe juu ili isichemke.

Na ikishuka yenyewe?

Hapo nina wasiwasi zaidi. Inaweza kuwa mbolea ina amoniamu nyingi, hasa kama umetumia urea au mbolea ya shambani. Mizizi ikila amoniamu inaachia asidi. Lakini pH ikiporomoka ghafla na maji yana harufu ya kinamasi, toa mmea uangalie mizizi. Mizizi mizima ni myeupe na inakatika kwa shida. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta ngozi inatoka inabaki nyuzi. Mwaga maji, osha bomba, anza upya. Usipoteze asidi wala potashi kurekebisha maji ya mizizi iliyooza.

Joto ndilo mwanzo wa shida hii. Maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni ya kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, na ukungu wa kuozesha mizizi hupenda uvuguvugu huo. Januari na Februari naweka chupa za maji yaliyogandishwa kwenye ndoo kubwa saa 6 mchana, na nimetandaza mkeka juu ya mabomba.

Naweza kutumia maji ya mvua?

Ndiyo, na kwa mtu wa maji mazito ni neema. Mvua safi huwa na pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya kabonidioksaidi ya hewani, na haina bikaboneti. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga inayofuata. Masika najaza matangi mawili, kisha natumia nusu mvua nusu kisima. Bikaboneti inakuwa nusu, asidi inakuwa nusu.

Mvua peke yake ina tatizo la upande wa pili: haina cha kuizuia, tone moja la asidi linaipeleka 4. Pia haina kalsiamu wala magnesiamu, hivyo mbolea yako lazima ivilete vyote. Nusu kwa nusu inanipa maji yaliyotulia.

Maji ya kiyoyozi yanafanana na ya mvua, ila yamepita kwenye mabomba ya shaba na aluminiamu na kwenye utelezi wa trei. Kwa maua, tumia. Kwa saladi, mimi situmii.

Makumbi ya nazi yanabadilisha pH?

Kidogo. Yenyewe huwa kati ya 5.5 na 6.8, ni mazuri. Tatizo ni chumvi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa kusokota kamba yamejaa sodiamu. Yaloweke na kuyasuuza mara tatu, na maji ya mwisho yawe na kalsiamu nitrati, uyaache usiku mmoja. Kalsiamu inaisukuma sodiamu itoke. Maganda ya mpunga yaliyochomwa hupandisha pH kwa sababu ya jivu, yasuuze sana. Mawe mepesi ya volkano, kama yanayotumika Naivasha, hayasumbui.

Ndoo isiyo na pampu inahitaji kupimwa kila siku?

Hapana. Kwenye njia iliyoelezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, unajaza mara moja, maji yanashuka, mizizi inabaki na hewa. Saladi inamaliza maisha yake kwa wiki tano au sita. Nianzapo na maji niliyokwisha kuyatuliza kwa 5.8, napima mara moja tu katikati. Nyanya ni nyingine, inakunywa mno na lazima uongeze maji.

Nikiunganisha na samaki?

Bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitrati wanataka pH ya 7 au zaidi, mimea inataka 6. Watu hukutana 6.8 hadi 7.0 na kuongeza chuma cha DTPA. Asidi usitie ghafla ndani ya tangi la samaki.

Asidi niihifadhi wapi?

Kwenye chupa yake ya asili, imefungwa, juu, imefungiwa. Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa dakika tano. Hata ile nyepesi ya mililita 50 ni wazi kama maji, na mtoto aliyetoka kucheza na kiu haulizi. Yangu nimeitia rangi ya chakula ya bluu na kuichorea fuvu, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Vaa glavu na miwani unapopunguza nguvu. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa angalau dakika kumi na tano, kisha hospitali.

Nimezidisha, mita inasoma 4.3. Nitupe?

Kama mimea iko ndani, itoe kwanza, iweke kwenye beseni la maji ya kawaida. Usikimbilie potashi, utapiga mpira kwenda 8 na kurudi 4, na kila safari inaongeza chumvi. Mwaga robo ya maji, jaza maji ghafi, koroga, subiri nusu saa, pima. Rudia. Ikifika 5.4 iache, itapanda yenyewe. Pima EC pia (kipimo cha wingi wa chumvi za mbolea zilizoyeyuka), kwa sababu mbolea nayo imepungua.

Nasafiri wiki nzima. Nifanyeje?

Jaza ndoo kubwa hadi juu. Maji mengi hubadilika polepole. Anzia 5.6, upe nafasi ya kupanda. Funika kwa mkeka. Kijana wa nyumbani mwachie madumu mawili ya nusu mvua nusu kisima, umeshayatuliza mwenyewe, na alama ya kalamu ndani ya ndoo: maji yakishuka hapa, jaza mpaka hapa. Asidi na mita vifungie kabatini uondoke na ufunguo.